Ukurasa wa Pili Unaanzaje?

Chumbageni, Tanga
Alasiri, siku moja kabla hujasafiri

Mwanangu Upendo,

Umetoka sasa hivi kwenda Ngamiani kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua shangazi yako, hatakuachia mpaka umekula mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Begi lako liko sebuleni limeshafungwa, na sitalifungua kuangalia umesahau nini. Mambo ya kula vizuri, kutafuta kanisa na kushika simu yako pale stendi, hayo nimekuimbia tangu uko kidato cha kwanza, na kama hayajaingia basi leo hayaingii.

Utashangaa barua imekuja kwenye simu, tena imechapwa. Najua ulikuwa unangoja karatasi. Binamu zako wote walioondoka nyumba hii walipewa barua ya mwandiko wangu, na Eliya mpaka leo yake ameitia kwenye fremu huko Arusha. Wewe nimekuchapia, kwa vidole viwili, na nimeanza tangu juzi, leo naongeza mwanzo na mwisho. Si uvivu. Mimi na mwandiko wangu tumekosana, Upendo, na nataka kukueleza tulikosania wapi, maana na wewe ulikuwepo.

Unakumbuka mwaka ule wa barakoa, vyuo vilipofungwa? Wewe ulikuwa kidato cha tano, mmerudishwa nyumbani, unashinda umelala kwenye kochi na simu usoni. Mimi nilikuwa bado nafundisha pale chuo cha ualimu, somo la saikolojia ya elimu. Ikaja amri kwamba masomo yasisimame, kila mkufunzi aweke noti zake mtandaoni. Wenzangu vijana wakakaa na kompyuta zao wakachapa. Mkuu wa idara akanipigia, akasema, "Mwalimu, kama kuchapa ni shida nitakutafutia mtu." Nikamjibu kwa kiburi, nakumbuka maneno yangu mwenyewe, "Nichape nini mimi? Mwandiko wangu unasomeka kuliko kompyuta yako."

Na kweli ulikuwa unasomeka. Babu yako, Mungu amrehemu, alinifundisha kule Lushoto kwa kunipiga fimbo za vidole mpaka herufi zangu zikasimama wima. Watu waliniletea kadi za harusi niwaandikie majina. Rejista ya ubatizo pale usharikani, kurasa zile nzuri zote ni mkono wangu. Nilijivunia, kwa nini nikufiche? Mwanamke mwingine ana nywele, mwingine ana sauti, mimi nilikuwa na mwandiko.

Basi nikakaa juma zima pale mezani karibu na dirisha. Kurasa arobaini na moja. Vichwa vya habari nimevipigia mstari mwekundu kwa rula. Halafu nikakuita uje unisaidie kupiga picha, maana upepo ulikuwa unaingia na karatasi zinaruka. Ulikuja umenuna. Wewe ukashika pembe ya karatasi, mimi nikapiga, tukageuza, tukashika, nikapiga. Tukapandisha picha zote arobaini na moja kwenye ukurasa wa somo, na watu wakanisifu mpaka nikajisikia kulia. Mkufunzi mmoja akaandika kwenye kundi letu la simu, "Huu si mwandiko, hii ni sanaa."

Katika darasa lile alikuwemo binti mmoja wa Kigombe, jina lake Mwanaasha. Haoni. Hajawahi kuona. Sidhani kama nilikutajia, na hilo nalo linanisumbua, kwamba wakati ule sikuona sababu ya kumtaja. Darasani alikuwa anakaa mstari wa mbele, upande wa mlango. Kabla sijaanza kusema alikuwa ananyoosha mkono, "Mwalimu shikamoo, naomba nirekodi." Ninamruhusu, anaweka simu yake juu ya dawati. Akirudi juma linalofuata amelila somo lote. Ukimuuliza anakujibu kwa maneno yako mwenyewe, mpaka na pale ulipokohoa. Kwenye mtihani wa mdomo hakuna aliyempata. Mimi nilikuwa nasema, "Mwanaasha hana tatizo lolote," nikidhani ninamsifu. Hakuwa na tatizo kwa sababu mimi nilikuwa nasema kwa sauti. Siku nilipoacha kusema nikaanza kuandika, nilimfungia mlango, na sikusikia hata ukijifunga.

Alinipigia siku ya pili baada ya noti kupanda.

"Mwalimu shikamoo."

"Marahaba, Mwanaasha. Mko salama huko Kigombe?"

"Salama, mwalimu. Nimefungua zile noti. Simu yangu inanisomea maandishi, lakini hizi inasema picha tu. Nikigusa, picha. Nikienda inayofuata, picha."

"Ndiyo, nimezipiga picha. Zinaonekana vizuri?"

Nilimuuliza hivyo, Upendo. Mtoto asiyeona, nikamuuliza kama zinaonekana vizuri.

Akacheka kidogo, kwa adabu, akasema, "Haiwezi kusoma ndani ya picha, mwalimu. Simu inataka maandishi yaliyochapwa."

Na mimi, nilikuwa nimesimama jikoni, mchicha uko motoni, nikamwambia, "Basi mwanangu tafuta mtu akusomee. Hapo kijijini hukosi mtu."

Akasema, "Haya, mwalimu."

Nimewahi kutukanwa na wanafunzi. Mmoja aliniandikia barua ya matusi ukurasa mzima na sikupoteza usingizi hata siku moja. Lakini hiyo "haya, mwalimu" ninayo mpaka leo. Hakuwa na hasira wala hakubishana. Alikuwa anajua kabisa kwamba hana mtu, na alinistahi asiniambie.

Baada ya siku chache alinitumia ujumbe wa sauti. Aliomba, kama nina nafasi, nimsomee hata kurasa mbili tu nirekodi nimtumie, nyingine atajua la kufanya. Kurasa mbili. Mimi nasema kutwa, mdomo wangu hauchoki, unanijua. Nilimjibu, "Sawa, nikipata nafasi." Sikuipata. Au niseme ukweli, sikuitafuta. Kila nikikumbuka nilikuwa na jambo, na nilipokuwa sina jambo sikukumbuka. Laiti ningemkatalia waziwazi angejua moja na angekwenda kwa mwalimu mwingine. Nilimwacha anangoja.

Jaribio likafika, nalo la mtandaoni, dakika thelathini na saa inahesabu kushuka. Maswali nayo nilikuwa nimeyapiga picha. Vile viduara vya kuchagua jibu havikuwa vimeandikwa jina, kwa hiyo simu yake ilimwambia kitufe, kitufe, kitufe, bila kusema cha nini. Idara ilinitolea majibu ya kila mmoja kwenye karatasi, na karatasi yake ilirudi ina majibu mawili. Mawili kati ya ishirini, tena nadhani alibahatisha. Nami nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika chini yake kwa ule mwandiko wa sanaa: Hakujiandaa. Nikaipiga picha nikamrudishia.

Chuo kilipofunguliwa hakuja. Kiti cha karibu na mlango kikawa kitupu, na baadaye kikakaliwa na kijana mmoja wa Korogwe. Nikauliza mara moja, wakasema, "Mwanaasha kaacha, mwalimu." Nikasema, "Maskini," nikafungua kitabu tukaendelea na somo.

Ikakaa hivyo miaka. Nisingependa ufikiri kwamba mama yako alikuwa anahangaika miaka yote hiyo. Nililala vizuri, nikapanda daraja, nikastaafu, mkanifanyia sherehe na keki yenye umbo la kitabu. Mambo yalinirudia mwaka huu, na aliyeyarudisha ni wewe. Uliponihamishia vitu kutoka simu ya zamani kwenda hii mpya, jumbe zote zikaja, hata za miaka hiyo. Asubuhi moja ninapekua, nikabonyeza mahali, sauti ya Mwanaasha ikajaa sebuleni. "Mwalimu shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Kama una nafasi..." Nilikuwa peke yangu nyumbani. Niliizima upesi kama mtu aliyefumaniwa.

Tangu siku hiyo sikuwa na hali. Ninafua, namsikia. Naenda sokoni, namsikia, tena si analalamika, ananiamkia tu. Nilianza kujiuliza ile siku alisikia nini hasa. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo ulinicheka sana. Unakumbuka simu yangu ilipoanza kusema yenyewe, kila nikigusa inapiga kelele, ukaja mbio, "Mama, umebonyeza nini tena?" ukaizima huku unakufa kwa kicheko? Sikuwa nimebonyeza kwa bahati mbaya. Niliiwasha mwenyewe ile sauti ya kuwasomea wasioona. Nilitaka kusikiliza noti zangu.

Nilizifungua, nikafumba macho, nikagusa. Picha. Nikatelezesha kidole. Picha. Ile sauti ni ya mwanamke, haina uchungu wala furaha, inasema tu. Nilikwenda mpaka mwisho, mara arobaini na moja. Juma zima la kazi yangu, mistari yangu myekundu, sifa zote nilizopewa, na kwa Mwanaasha hakukuwa na hata neno moja ndani yake. Nilifumbua macho nikakuta nimeshika kiti kwa nguvu.

Sasa nikuungamie na uongo mmoja. Mwezi uliopita nilikuambia nakwenda msibani Muheza. Sikwenda msibani. Nilikwenda Kigombe.

Nyumba niliipata kwa kuuliza. Mlangoni nilipokewa na mama yake, Bi Zainabu, mwanamke wa makamo, kanga kiunoni, mikono ina unga wa dengu. Nilipiga hodi, tukaamkiana, nikajitambulisha kwamba mimi ni mwalimu niliyemfundisha Mwanaasha chuoni. Akanitazama.

"Mwalimu gani? Yule wa picha?"

Hilo ndilo jina langu katika nyumba ile, Upendo. Hawana jingine. Miaka thelathini na moja ya kufundisha, na Kigombe naitwa mwalimu wa picha.

"Ndiye mimi," nikasema.

"Umefuata nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakaniishia pale pale. Bahati Mwanaasha alinisikia kutoka uani, akaita, "Mama, hiyo ni sauti ya mwalimu, mkaribishe!" Baada ya miaka yote hiyo, kwa sauti tu, alinijua. Bi Zainabu akasogea nipite, lakini kahawa aliniletea bila kunitazama, na naona alikuwa na haki.

Mwanaasha alikuwa uani anamenya mihogo. Wanauza bajia na mihogo ya kukaanga, yeye na mama yake. Amenenepa kidogo, anacheka vilevile kwa adabu. Nikamwomba radhi. Sikuzungusha maneno, nilimwambia nilikosea, nilikuomba utafute mtu na sikukusomea, na niliandika hukujiandaa ilhali ambaye hakujiandaa ni mimi. Akaendelea kumenya.

"Ile 'hakujiandaa' alinisomea Bi Tatu wa dukani," akasema. "Alisita kwanza. Nikamwambia soma tu."

Mama yake hajui kusoma, na Bi Tatu ndiye mtu pekee aliyemsomea. Mwenye duka la jirani, alisoma mpaka darasa la saba. Mwanaasha alimpelekea simu mchana wateja walipopungua, akamsomea ukurasa wa kwanza. Yale maneno marefu ya kisaikolojia yakamchosha, na wateja wakaja. Akamwambia, "Mwandiko mzuri, lakini mambo yenyewe mazito, mwanangu. Njoo siku nyingine." Mwanaasha akaona haya kumrudia. Hakurudi mpaka siku ya matokeo.

"Lakini ule ukurasa ninao," akaniambia.

Akaweka kisu chini, akajifuta mikono, akaanza kuusoma kichwani. Upendo, ninakuambia kitu cha kweli. Neno kwa neno. Pale nilipoandika "kwa mfano" alisema kwa mfano, na mabano aliyataja, maana Bi Tatu aliyataja. Maneno yangu yote, niliyoyaandika pale mezani huku wewe umenuna, yalikuwa yanatoka kwenye kinywa cha yule binti, ukurasa mzima, katika ua wa mihogo, na nilikuwa nimekwishayasahau mimi mwenyewe. Akafika chini ya ukurasa, katikati ya sentensi, mahali karatasi ilipoishia.

Kisha akaniuliza, "Mwalimu, ukurasa wa pili unaanzaje?"

Nikasema sikumbuki. Akaingiza mkono mfukoni, akanipa simu yake. Kioo kimepasuka pembeni. Picha zote zilikuwemo. Simu ilimjaa mara nyingi, akafuta nyimbo, akafuta na sauti za ndugu zake, zile noti hakuzifuta. "Nilikuwa nadhani labda siku moja simu zitajifunza kusoma mwandiko," akasema. "Nimesikia zipo zinazojaribu. Hii yangu bado."

Nikafungua ukurasa wa pili. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kidole gumba chako. Kipo pale kwenye pembe, kimeshikilia karatasi, na ile kucha uliyoipaka rangi ya bluu nikakugombeza. Kipo kwenye kila ukurasa. Miaka yote hiyo kidole chako kilikuwa Kigombe, mfukoni mwa mtu usiyemjua.

Nikamsomea. Nilisoma mpaka adhana ya alasiri ikatukatisha, wakaenda kuswali, wakarudi, nikaendelea. Bi Zainabu alikuja akakaa karibu na mlango na sinia lake, akawa anasikiliza. Kurasa kumi na moja, sauti ikanikauka. Akaniletea maji, na safari hii alinitazama.

Niliporudi nyumbani nilizichapa zote. Ndiyo yale uliyokuwa unanitania, "Mama anaandika kitabu cha mapenzi." Nilimaliza juma lililopita, nikamtumia. Akanipigia, akaweka simu yake karibu na ile ya mama yake, nikasikia ile sauti kavu ya mwanamke inasoma noti zangu kutoka mwanzo, haisemi picha. Mwishowe yeye ndiye aliyeniambia, "Mwalimu, bado uko hewani?"

Ungedhani hadithi imeishia pazuri, sivyo? Sasa ndiyo nafika kwenye kosa ambalo halijaisha, na hili linakuhusu wewe.

Pale uani, kabla sijaondoka, nilimuuliza kama hataki kurudi kusoma. Akasema anataka, lakini awe nyumbani, mama yake hawezi biashara peke yake. Na mimi, kwa ile furaha ya mtu aliyesamehewa, nikaropoka. Nikamwambia chuo unachokwenda wewe, huko Dodoma, kina masomo ya ualimu ya mtandaoni, na kwamba mwanangu ameajiriwa kitengo hicho hicho, ndiye atakayekuwa anayatengeneza. Akauliza polepole, "Na huyo mwanao, naye anatuma picha?"

Nikamjibu, "Mwanangu? Hawezi."

Nilikuwekea dhamana bila kukuuliza. Tabia yangu ileile, kuamua ya mtu mwingine nikiwa nimesimama. Ameshaomba, amekubaliwa. Muhula ukianza atakuwa humo.

Na siku tatu tu baada ya kurudi kutoka Kigombe, ukanionyesha lile somo la mfano ulilowatengenezea walipokufanyia usaili. Ulikuwa na furaha. Rangi zimepangwa, michoro inapendeza, video fupi na muziki chini yake, maelekezo yanasema bonyeza la kijani kama umeelewa. Ukanitumia nilione vizuri. Nikaingia nalo jikoni, nikasema naangalia wali, nikaiwasha ile sauti, nikapunguza chini kabisa, nikaweka simu sikioni.

Picha. Picha. Kitufe. Picha. Kitufe.

Nilitoka nikakuuliza kwa mbali, kana kwamba ni swali la hivi hivi, "Na wasioona, au wasiosikia hiyo video, wao inakuwaje?" Ukasema, wala si kwa ubaya, macho yako yako kwenye kioo, "Hao wana kitengo chao mama, wakipata shida watasaidiwa." Ulikuwa unasema maneno yangu. Tafuta mtu akusomee, ndiyo hayo hayo, umeyavalisha nguo za ofisini.

Na unajua nilifanya nini, mimi niliyetoka kuomba radhi Kigombe? Nilikuambia, "Nzuri sana, mama. Hongera." Niliogopa kukuharibia furaha yako. Niliogopa zaidi utaniuliza nimejuaje, na nitalazimika kusema haya yote. Nimezunguka na hiyo "nzuri sana" tangu siku ile, na kila unapocheka humu ndani inanichoma. Kesho unapanda basi, na sitaki uondoke nayo.

Sikufundishi kazi. Kazi unaijua, mimi mpaka leo sijui kunakili na kubandika bila kukuita. Wewe mwenyewe unajua picha inaweza kuandikiwa maelezo yake, kitufe kikapewa jina, video ikawekewa maandishi, asiyemaliza kwa dakika thelathini akaongezewa. Mwanaasha aliniambia si kazi ngumu ikifanywa mwanzoni, ugumu unakuja pale mtu amekwishamaliza, amesifiwa, halafu ndiyo anaambiwa arudie. Hilo nililijua hata kabla hajalisema. Wakati ule yeye aliponipigia, kilichonizuia hakikuwa muda. Sikutaka kusikia kwamba kitu changu kizuri hakifai.

Watakusifu, Upendo. Una jicho la rangi, una kipaji, watakusifu kweli na utastahili. Halafu siku moja mtu atakupigia simu, kwa adabu, atakuomba samahani kwa usumbufu, na utakuwa na mchicha motoni. Mimi sipo kukuambia ujibu nini. Nakuambia tu kwamba atasema "haya," atakata simu, na utadhani yameisha.

Nilimpigia Mwanaasha nikamwomba ruhusa nikusimulie habari zake. Akafikiri. Akasema, "Msimulie. Lakini asinionee huruma, mwalimu. Huruma nilikuwa nayo tele hapa. Mwambie nilikuwa nataka ukurasa wa pili tu."

Naisikia sauti yako huko njiani, unamsalimia Mama Shemhilu wa jirani. Umerudi mapema, shangazi kakupa mlo mmoja. Nitakutumia barua hii kesho basi likishaondoka, kwa sababu nikiituma leo utanikumbatia, nami nitaishia kukuambia si kitu, na itakuwa nimekuongopea tena. Nimeisikiliza yote kwa ile sauti. Imeisoma mpaka hapa bila kukwama.

Limebaki jambo moja. Ukurasa wa kwanza, ule aliokuwa nao Mwanaasha kichwani, unaishia hivi: "Mwanafunzi anaposhindwa, mwalimu asianze kwa kuuliza mwanafunzi ana kasoro gani. Aanze kwa kuuliza..." Hapo karatasi ikaisha. Alikaa na hayo miaka yote, hajui mwalimu aanze kwa kuuliza nini.

Ukurasa wa pili unaanza hivi: "...yeye mwenyewe amemnyima nini."

Niliandika mimi, mwanangu. Nikaipigia mstari mwekundu kwa rula, na wewe ukaishika karatasi upepo usiichukue.

Mama yako,
ambaye Kigombe bado wanamwita mwalimu wa picha